Mtoto hawezi kuamua asilolijua

MZAZI mwenzangu, shule zikifungwa huenda mwanao akakujia na ombi ambalo hukulitarajia: "Mama, tunataka kucheza, wewe uwe msimulizi." Mezani kuna karatasi, penseli na dadu ya ajabu yenye pande 20.

Huo ni mchezo wa kuigiza wahusika. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimulizi ndiye anayejua kilichopo nyuma ya kila mlango. Wachezaji huuliza, msimulizi hujibu, na pale matokeo yasipojulikana, dadu huamua.

Kazi ngumu kwa msimulizi ni kujua aseme nini na aseme lini. Hapo wazazi wengi hujikwaa, kwani nyumbani tumezoea kuficha. "Hayo ni mambo ya wakubwa," tunasema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Chukua mfano huu. Watoto watatu wanamsaka mwizi wa mbuzi wa kijiji. Barua itakayomfichua iko chini ya mkeka. Binti yako anasema, "Napekua chumba." Anarusha dadu, inaangukia 3. Unamjibu, "Huoni kitu." Hadithi imekwama. Wanatazamana, na yule mdogo anaanza kuulizia simu. Watoto hawakukosea. Walikosa habari, na mwenye habari ni wewe.

Robin D. Laws, mtunzi wa michezo kutoka Canada, aliliona tatizo hili. Katika Gumshoe, mfumo wake wa michezo ya upelelezi, dokezo ambalo bila hilo hadithi haisogei halitegemei dadu. Mchezaji akitafuta mahali panapostahili, kwa ujuzi unaofaa, analipata. Mwandishi mwingine wa michezo hii, Justin Alexander, anashauri kila jambo unalotaka wachezaji waligundue uliwekee madokezo yasiyopungua matatu. La kwanza watalipita, la pili watalielewa vibaya, la tatu litawafikisha.

Jambo la pili ni hatari. Mwanao ameketi sebuleni, lakini mhusika wake amekulia kando ya mto ule. Anajua kwamba hujaa ghafla usiku. Basi mwambie kabla hajatia mguu majini. Akizama kwa jambo ambalo mhusika wake angelijua, atakachojifunza ni kwamba msimulizi humtegea mitego.

La tatu ni siri ya mmoja. Unaweza kumpa mtoto mmoja kikaratasi: "Wewe peke yako umemtambua mgeni huyu." Sasa ana uamuzi wa kufanya: awaambie wenzake au anyamaze? Ni zoezi zuri la uaminifu. Ila kubalianeni kabla ya kuanza kwamba siri za namna hiyo zitakuwapo, na kwamba lolote likimwogofya mtoto anaruhusiwa kusema "tusimame", bila kuulizwa sababu. Mkumbushe pia kwamba siri ya mchezo huisha mchezo ukiisha. Mtu mzima akimwambia afiche jambo linalomtia hofu, hiyo haina budi kufika kwa mzazi.

Wapo watakaosema hivi ni kumtafunia mtoto chakula. Hapana. Kutoa habari ni tofauti na kutoa jibu. Mwambie maji yamejaa, kamba imechakaa na daraja liko mbali, mwendo wa nusu siku. Usimwambie avuke au azunguke. Akichagua kamba na ikakatika, atajua amechagua mwenyewe, na safari ijayo atauliza zaidi.

Bibi zetu walikuwa na busara hiyo katika vitendawili. Aliyetega, wote wakishindwa, aliomba mji. Akishapewa, alitoa jibu. Hakuondoka nalo kwenda kulala.

Faida yake haiishii mezani. Mtoto aliyezoea kuuliza "naona nini?" na kujibiwa kwa ukweli, ndiye atakayekuja kukuuliza kwa nini baba haendi tena kazini, au kwa nini mnahama nyumba. Aliyezoea kujibiwa "huoni kitu" ataacha kuuliza, na majibu atayatafuta kwingine.

Kwa hiyo mkikaa kucheza, kabla mwanao hajarusha dadu, jiulize swali moja: anajua ya kutosha ili uamuzi huu uwe wake kweli? Kama bado, mwongezee. Kisha nyamaza, mwache achague.