Manamba wa Kompyuta

Sisi watu wa Tanga tuna neno moja ambalo mgeni halielewi upesi: manamba. Mtu aliandikishwa Kigoma, Njombe au hata Burundi, akapewa namba, akaletwa huku kukata mkonge. Shambani alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi; kazi ya siku isipotimia, siku hiyo haikuhesabiwa. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikazaa zao lililowatajirisha watu wa mbali.

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi nasikia wazazi, na hata wanasiasa, wakihubiri kwamba kijana akipata kazi ya kampuni kubwa ya kompyuta basi amekwisha okoka. Mimi nasema tuulize kwanza: ni kazi gani, na mwajiri ni nani?

Tazama yaliyotokea Nairobi. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko, wafanye kazi ya Meta, mwenye mtandao wa Facebook. Kazi ilikuwa kutazama kutwa picha za watu wakiuawa, wakijiua, na watoto wakinajisiwa, ili ziondolewe mtandaoni. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ukifungua simu ukaona mambo safi, ujue yupo aliyeyatazama machafu kwa niaba yako.

Kijana mmoja wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao, akafukuzwa mwaka huo huo wa 2019. Yeye asema hiyo ndiyo sababu, kampuni inakana. Alipokwenda mahakamani mwaka 2022, Meta walijibu kwamba wao si mwajiri wake na mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Hayo ndiyo maneno ya mwenye shamba anayemsukumia lawama wakala wa kuandikisha manamba! Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kesi zinaweza kuendelea. Mwezi Desemba mwaka huo ushahidi wa daktari ulionyesha kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 waliopimwa wana maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko.

Hata ujira unasema. Mwaka 2023 gazeti la TIME liliandika kwamba vijana wa Sama waliopanga maandishi machafu ili kuifunza akili mnemba ya OpenAI walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa.

Haki isemwe. Sama ilianzishwa mwaka 2008 na Leila Janah kwa nia ya kuwapa maskini kazi, na wako waliolisha wadogo zao na kujifunza mengi kwa mshahara ule. Lakini hata mashamba ya mkonge yalitoa posho, nyumba na zahanati. Posho haifuti deni.

Wengine watasema tukidai sana, kampuni zitahama. Kweli, mwaka 2023 Sama iliacha kazi ile ya kuchuja picha. Lakini uchafu wa mtandao haukwishi. Lazima pawe na wa kuuondoa. Kila nchi ikijishusha bei ili kuipata kazi hiyo, sote tutaishia chini. Dawa ni serikali zetu kusema neno moja: jina la mwenye kazi liandikwe katika mkataba, kijana aelezwe atakachotazama kabla ya kusafiri, matibabu ya akili yaendelee hata baada ya kuacha kazi, na chama kisizuiwe. Wakata mkonge walikuwa na chama chao miaka ya 1950, na Victor Mkello akiwa miongoni mwa viongozi wake. Tarehe 1 Mei 2023 wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chao. Hawa ni wajukuu wa fikra ile ile.

Nanyi walimu wenzangu mlioko madarasani, msiwafundishe watoto kubonyeza vidude tu. Wafundisheni kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho, na kuuliza: bwana mkubwa ni nani hapa?