Kodi ya mwezi, bei ya usiku
BARAZANI na Salma Haji Makame

Mwalimu aliyehamishiwa Paje siku hizi huulizwa na dalali swali moja tu: unakaa mpaka lini? Maana yake, Juni isiishe hujafunga mizigo. Julai wageni wanamiminika, na chumba alichokuwa akilipia kwa mwezi kinakodishwa kwa usiku, tena kwa dola.

Mwenye nyumba simlaumu. Ana watoto wa kusomesha, na masika yakiingia pwani huwa kavu. Ninaowalaumu ni watunga sheria wetu, waliotazama upande mmoja. Tangu 2010 sheria inamruhusu mgeni kumiliki fleti Zanzibar, na anayenunua ya dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupewa kibali cha ukaazi. Haya, fedha zinatakiwa. Lakini mwaka 2024 tulipokea wageni zaidi ya 700,000, nasi wenyewe, kwa sensa ya 2022, hatutimii milioni 2. Wanaowapikia, kuwatandikia na kuwalinda wageni hao wanalala wapi?

Wengine wanatoka mjini alfajiri, wamebanana ndani ya daladala. Wengine wamejazana wanne chumba kimoja, ng'ambo ya barabara, kule bahari isikoonekana.

Wenyeji nao wana lao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilikuwa mali ya Serikali, na mtu akabaki na minazi yake na alichojenga. Hoteli zilipoanza kuja, wengi walioachia viwanja vya ufukweni walihesabiwa minazi. Bahari hakuna aliyeihesabu. Leo watoto wao wanaoa na hawana pa kujenga.

Nchi hii hii iliwahi kuwajengea wananchi wake maghorofa ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yapendwe yasipendwe, watu walipata pa kulala. Sasa kibali cha hoteli kisitoke mpaka ramani ionyeshe vyumba vya wafanyakazi. Nyumba zinazokodishwa kwa usiku zisajiliwe zote, na ushuru wake ujenge nyumba za kupangisha walimu na wauguzi Paje, Jambiani na Nungwi.

Najua nitaambiwa mwekezaji atakimbia. Mtu aliyemudu kuchimba bwawa la kuogelea hatua chache kutoka baharini hatafilisiwa na vyumba kumi vya wapishi na walinzi.