Mzazi Mgeni Aulize Lugha Kabla ya Bwawa

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, jiji la Nairobi hupokea kundi jipya la familia za kigeni. Wako wanaokuja kufanya kazi katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, wako wanadiplomasia, wahandisi, wamishonari na waandishi wa habari. Tangu Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipoundwa mwaka 1972 na makao yake kuwekwa hapa kwetu, kisha likafuatwa na lile la Makazi mwaka 1978, msafara huu haujakatika. Na kila familia hufika na swali linalotangulia hata lile la nyumba: watoto watasoma wapi?

Hakuna uhaba wa shule. International School of Kenya ilianzishwa mwaka 1976 kwa ushirikiano wa serikali za Marekani na Kanada. Wajerumani wana Deutsche Schule, Wafaransa wana Lycée Denis Diderot, nazo shule zinazofuata mtaala wa Uingereza ni nyingi mno kuzitaja hapa. Mzazi huzizungukia akiuliza maswali yale yale: bwawa la kuogelea lipo? Basi hupita mtaa gani? Matokeo ya mtihani yakoje? Karo ni kiasi gani? (Swali hili la mwisho huulizwa kwa sauti ya chini, maana aghalabu sehemu kubwa ya karo hiyo hulipwa na mwajiri.) Swali la lugha huulizwa na wachache sana. Mzazi akishaambiwa kwamba masomo hufundishwa kwa Kiingereza, huona jambo limekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo jambo linapoanza.

Tumchukue mtoto wa miaka saba kutoka Maputo, ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kireno. Anatiwa katika shule ya Kiingereza. Mwaka wa kwanza ananyamaza, mwaka wa pili anacheza na kutaniana na wenzake kana kwamba alizaliwa Westlands. Wazazi wanafurahi na mwalimu anafurahi. Kisha yanakuja masomo ya sayansi na jiografia yenye maelezo marefu, dhana zisizoshikika na sentensi zenye kubeba sababu na matokeo, na mtoto yule yule anaanza kuanguka. Hapo huitwa mvivu, au husemwa kwamba akili zake ni nzito.

Mtaalamu wa Kanada, Jim Cummins, alilitolea jambo hili ufafanuzi mwaka 1979 alipotenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma. Uchunguzi wake kuhusu watoto wa wahamiaji ulionyesha kuwa ile ya kwanza hupatikana kwa takriban miaka miwili, ilhali ya pili huhitaji miaka mitano hadi saba. Walimu wetu hawahitaji kusafiri hadi Toronto ili kuyasadiki haya. Wamewaona watoto waliofundishwa kwa Kikamba au Dholuo hadi darasa la tatu, wakaingia la nne na kukuta kila kitabu kimegeuka Kiingereza.

Sasa hesabu miaka. Mkataba wa mgeni mara nyingi ni wa miaka mitatu au minne, kisha anahamishiwa Bangkok au Amman. Mtoto hung'olewa kabla Kiingereza chake cha kitaaluma hakijashika mizizi, na Kireno chake nacho kimeachwa kikauke. Mfaransa ana nafuu, kwa sababu shule za Kifaransa zinazotambuliwa na serikali yake zimezidi 500 duniani. Atatoka Nairobi na kuendelea na somo lile lile huko aendako. Kwa familia ya namna hiyo, yenye kuhamahama kila baada ya muda mfupi, naona shule ya lugha ya nyumbani ndilo chaguo la busara, hata kama bwawa lake ni dogo. Lakini Mwethiopia, Mnorwe na Mmsumbiji watakwenda wapi?

Hao hawana budi kuihoji shule kwa makini zaidi. Je, maktaba ina vitabu vya lugha ya mtoto? Je, mtaala wa IB, ulioasisiwa Geneva mwaka 1968, unatumiwa kwa ukamilifu wake? Nauliza hivyo kwa kuwa diploma hiyo humruhusu mwanafunzi kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza hata pale ambapo shule haina mwalimu wa lugha hiyo, mradi shule iwe tayari kumsimamia. Na iwapo mwalimu atamshauri mzazi aache kuzungumza na mwanawe kwa lugha ya nyumbani ili Kiingereza kipate nafasi, basi mzazi na ampokonye mwalimu huyo fomu za maombi aende zake. Ushauri huo hauna msingi katika isimu. Mtoto aliyekwisha kuelewa dhana ya mvuke kwa Kireno huhitaji jina jipya tu kwa Kiingereza. Asiyeielewa kwa lugha yoyote huhitaji vyote viwili.

Nije sasa kwenye Kiswahili. Nimekutana na vijana wa kigeni walioishi Nairobi miaka sita, nao wakawa na "jambo", "hakuna matata" na orodha ya vitenzi: leta, osha, fungua, ngoja. Mwanaisimu akiitazama orodha hiyo huona kitu cha kusikitisha: mtoto amejifunza hali moja tu ya kitenzi, nayo ni ya kuamrisha. Hajui "naomba", hajui "unaonaje", hajui kuuliza hali ya mtu aliyemlea. Lugha hiyo aliipata langoni na jikoni, kwa askari na kwa yaya, kwa sababu shule haikumpa nyingine. Hivyo ndivyo mtoto anavyofundishwa, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba Kiswahili ni lugha ya kutumia watu.

Jambo hili halimhusu mgeni peke yake. Katika nyingi ya shule hizi wamo watoto wa Kenya, na wanaongezeka. Kwao Kiswahili huwekwa kwenye jedwali moja na Kifaransa na Kihispania, kama lugha ya kigeni ya kuchagua au kuacha. Katika shule zetu za umma Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini maili chache kutoka Bunge, mtoto wa Mkenya huweza kukitupa akiwa na miaka kumi na minne. Wengine huja kwetu chuo kikuu wasiweze kusoma ukurasa huu. Siwalaumu vijana hao, hawakujichagulia shule.

Wenye shule hujitetea kwamba walimu wanaofaa ni haba, na hapa wana sehemu ya haki. Mwalimu aliyezoea kuwachorea jedwali la ngeli watoto ambao tayari husema "kiti kimevunjika" hutatizika mbele ya mtoto asiyejua kiti ni nini. Kumfundisha mgeni ni taaluma yake mbali, na vyuo vyetu huitilia maanani kidogo mno. Wanafunzi wa ualimu mnaosoma haya, kazi ipo hapo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mzazi anayezuru shule wiki hii basi aombe kuonana na mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuonyeshwa uwanja wa tenisi. Aulize somo lake lina vipindi vingapi kwa juma, na kama vinalingana na vya Kifaransa. Aulize vilevile kama mwalimu huyo ameajiriwa kama wenzake, au huitwa kwa saa na kulipwa kwa saa.