Dhahabu Ina Njia, Chakula Hakina



Kila siku twaambiwa Ituri ni tajiri. Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika uzito wa dhahabu, hata nusu ya gramu. Sijaona siku ambayo dhahabu ilikosa njia. Lakini jioni nikirudi nyumbani, mke wangu hunionyesha samaki wa Kasenyi aliyemnunua kwa bei ghali, naye amekwisha kunuka.

Wako wasemao kwamba reli haiwezekani huku kwetu. Si kweli. Wabelgiji walianza reli ya Vicicongo mwaka 1924, ikafika Mungbere mwaka 1937. Wazee wetu ndio walioijenga, wengi wakichukuliwa kwa nguvu. Ilikuwa reli nyembamba, sentimita 60 tu, ya kubebea pamba. Bunia haikufika, na leo treni haifiki tena hata Mungbere. Jirani zetu wa Uganda walipata reli ya Kasese mwaka 1956, nao pia kwa ajili ya shaba ya Kilembe, si kwa ajili ya ndizi zao!

Hata hivyo tazameni Kisumu. Reli ilipofika huko mwaka 1901, samaki wa ziwa, wale ngege, walipata soko Nairobi. Mvuvi aliyezoea kuwauzia jirani zake akawauzia watu wa mji wa mbali. (Nyavu zikazidi, ngege wakapungua, wavuvi wetu wa Kasenyi wasikie na hilo.) Chakula kibichi chataka kusafiri usiku, jua lisikiunguze, kiwe sokoni alfajiri.

Sisi usiku tunauogopa. Hali ya kuzingirwa ilitangazwa Mei 2021, na kusafiri gizani bado ni kuitafuta bunduki. Basi vitunguu na kabichi za mama wa Djugu na Mahagi husafiri juani, husimama kwenye kila kizuizi kulipa, na mvua ikinyesha hulala matopeni. Kufika Kisangani ni kama kilomita 700. Mama akitupa gunia moja, bei ya lile linalobaki hupanda, na mchimbaji ndiye anayelipa.

Reli tuidai, lakini watoto hawawezi kuingoja. Kwanza chama chetu kidai malori ya chakula yapite vizuizini bila kutozwa, wala yasicheleweshwe. Jumapili, mama wauzaji waje mkutanoni na hesabu ya walivyotupa wiki hii. Kalamu ninayo, nitaandika.