Gari Limeinuliwa, Tumbo Limeachwa Wazi



Wapenzi wasomaji, ukurasa huu umezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, mapishi na mambo ya nyumba. Wiki hii twaomba ruhusa tuingie gereji. Msigeuze ukurasa, akina mama, mkadhani maneno haya ni ya waume zenu peke yao. Tunalolizungumza ni chuma, lakini waliokuwa wamekalia chuma hicho walikuwa watu, na mmoja wao alikuwa na mimba ya miezi saba.

Binti yetu ameolewa na mwalimu anayesomesha Diff, katika kaunti ya Wajir, mpakani kabisa mwa Kenya na Somalia. Alipopata mimba yake ya kwanza, tuliafikiana na mumewe kwamba aje ajifungulie kwetu Mombasa, kama ilivyo ada ya mimba ya kwanza kulelewa na mama. Muuguzi alimpa ruhusa ya kusafiri, nasi tukaenda kumchukua kwa gari letu. Tulipita Malindi, Garsen na Hola, tukavuka daraja la Tana pale Garissa, tukapanda hadi Modogashe na Habaswein, kisha tukaiacha barabara kuu tukaelekea mashariki. Kwenda tulikwenda salama. Mitihani ilikuwa katika kurudi.

Kabla ya safari gari lilikuwa limeinuliwa. Gereji moja ya huku kwetu, ambayo hatutaitaja jina, ilitia springi ndefu na shoka mpya, gari likapanda inchi 2. Siku lilipoletwa nyumbani, majirani walitoka kulitazama, na sisi, hatufichi, tulijiona. Lilikuwa limesimama kama ngamia aliyeinuka na shehena yake. Hakuna kati yetu aliyeinama kulitazama chini.

Usiku wa kuamkia siku ya kurejea ilinyesha mvua. Anayeijua njia ya Diff ataelewa maana yake. Malori hupita hivyo hivyo katika matope, na magurudumu yake huchimba mifereji miwili mirefu. Udongo ukikauka, katikati ya mifereji hubaki tuta gumu, na ndani ya tuta hufichika mawe na visiki vya migunga. Dereva wa gari dogo hana hiari, hufuata mifereji ya lori. Na kadiri magurudumu yanavyozama, ndivyo tumbo la gari linavyolikaribia tuta.

Hatukuwa tumetimiza saa moja tangu tuwaage wenyeji. Tulisikia kishindo chini ya nyayo zetu, kisha taa nyekundu ya oili ikawaka. Baba watoto alizima injini papo hapo, na kwa kudra ya Mwenyezi Mungu hilo ndilo lililoiokoa. Tulipochungulia tuliona oili ikimwagika mchangani kama mafuta ya chombo kilichopasuka jikoni. Sampu, yaani beseni linalobeba oili chini ya injini, ilikuwa imepigwa na kisiki ikapasuka.

Tulikaa hapo tangu baada ya Alasiri. Tulitandika mkeka kivulini, tukamlaza binti ubavu wa kushoto, tukagawana maji kwa kikombe. Simu haikushika. Magharibi ikatukuta, tukasali. Baada ya sala binti akatushika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tangu jua lilipokuchwa sijamsikia mtoto akicheza."

Enyi mama wenzetu, hatuna haja ya kuwaeleza uzito wa maneno hayo mahali ambapo hakuna taa wala mlango wa kubisha.

Lori lililobeba mbuzi lilitupitia karibu na Isha. Vijana wake waliteremka bila kuombwa, wakamweka binti mbele pamoja na dereva, wakalifunga gari letu kamba na kulivuta polepole hadi Diff. Muuguzi aliamshwa, akaweka chombo chake juu ya tumbo, akasikiliza, akatabasamu. Moyo ulikuwa ukipiga. Tulilia kwa furaha, kisha tukalia tena kwa aibu, maana tulianza kujiuliza kwa nini tulifika hapo.

Jibu tulilipata asubuhi kwa fundi. Alilala chini ya gari dakika chache, akatoka akijifuta mikono, akatuita kwa heshima ya kwao: "Hooyo, hii gari iko na miguu mirefu, lakini tumbo iko wazi." Akatuonyesha matundu manne ya bolti, matupu. Gari lilipotoka kiwandani lilikuwa na bamba la chuma la kuikinga sampu, ambalo mafundi wengi huliita sampugadi. Waliolinuia gari letu kulipandisha walilifungua bamba hilo ili wapate nafasi ya kazi, wala hawakulirudisha. Tulipowapigia simu walituambia kwamba lingewasumbua wabadilishaji oili, na kwamba kwa urefu ule hakuna kitu kingelifikia tumbo.

Hapo ndipo penye kosa ambalo tumeona si haki kulinyamazia, kwa sababu magari yanayoinuliwa huku Pwani yamekuwa mengi, na familia husafiri ndani yake kwenda Lamu, Tana River, Garissa na kwingineko. Kuinua gari ni kitu kimoja na kulikinga ni kitu kingine. Springi ndefu huinua bodi, chasisi na injini. Lakini katika magari yenye ekseli nzima inayotoka gurudumu hadi gurudumu, ekseli hiyo na difu yake hubaki palepale zilipokuwa. Kinachoweza kuziinua ni magurudumu makubwa peke yake, na hata hayo hutoa nusu tu: gurudumu lililozidi kipenyo kwa sentimita 5 huipandisha ekseli sentimita 2 na nusu. Zaidi ya hayo, vipimo huchukuliwa gari likiwa tupu. Tia ndani watu sita, gunia la mchele, madumu ya maji na masanduku ya wageni, uone inchi zako 2 zimebaki ngapi.

Tena urefu una gharama yake, na gharama hiyo huwaangukia wanawake na wazee kwanza. Gari likipanda, uzito wake hupanda pia, hivyo huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Na mlango huwa mbali na ardhi. Binti yetu mwenye mimba na buibui lake alihitaji kigoda na mikono miwili kupanda. Bibi wa nyumba yetu hakuthubutu kulipanda kabisa. Kwa hiyo tulikuwa tumetoa fedha ili wazee washindwe kupanda, na kile ambacho kingetulinda tukakiacha kimeegemezwa ukuta wa gereji.

Fundi wa Diff alifanya kazi siku nzima. Aliifungua sampu, akaiosha mafuta yote, akaichomelea kwa gesi, akaijaza maji kuona kama inavuja. Kisha akatafuta bamba la chuma la milimita 4 kutoka bodi ya lori kuukuu, akalikata kiasi cha sentimita 60 kwa 80, akatengeneza kinga mpya. Tuliketi karibu tukimwuliza, naye hakuchoka kueleza. Tuliyojifunza kwake, na mengine tuliyoyathibitisha kwa mafundi wa huku baada ya kurudi, twayaweka hapa ili yawafae.

Kwanza, ni madini gani? Bamba la chuma la ukubwa tuliotaja, lenye unene wa milimita 3, lina uzito wa kilo 11 hivi. La milimita 4 hufika kilo 15. La alumini la milimita 6 halizidi kilo 8. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kama chuma, lakini juu ya jiwe hukwaruzika na kung'ang'ania, ilhali chuma huteleza. Na likipindika katika safari, chuma kitanyooshwa na fundi yeyote mwenye moto na nyundo. Wa kuichomelea alumini si rahisi kumpata mbali na miji mikubwa.

Pili, bamba hufungwa wapi? Hufungwa kwenye chasisi, yaani mifupa ya gari. Likifungwa kwenye injini au giaboksi, pigo la jiwe litakwenda moja kwa moja kule kule tunakokukinga. Na lifungwe kwa bolti, lisichomelewe, ili liweze kufunguliwa. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya bamba, la sivyo mawe yatavisaga hata spana isipate pa kushika.

Tatu, baina ya bamba na sampu iwepo nafasi ya upana wa vidole viwili. Bamba likipigwa hubonyea. Likiwa limegusana na sampu, ni kana kwamba halipo.

Nne, mpangilio. Ncha ya mbele ikunjwe juu, isije ikalima ardhi kama jembe. Yakiwa mabamba mawili au matatu, moja la sampu, moja la giaboksi na jingine la tangi la mafuta, yapangwe kama makuti ya paa yanavyolaliana: mwisho wa bamba la mbele uwe chini ya mwanzo wa bamba la nyuma, ili jiwe liteleze lisipate pa kukwama.

Tano, matundu. Pawe na tundu la kumwagia oili bila kulifungua bamba zima, na matundu mengine ya kupitisha hewa na kutoa maji na matope. Joto la kaskazini halina mzaha. Injini iliyofungiwa kama chungu hupata moto upesi.

Sita, na hili ni la hatari: baada ya kupita porini, bamba lisafishwe. Nyasi kavu hujikusanya juu yake, na zikigusa bomba la moshi huweza kuwaka. Matope nayo yakikauka huko juu huzuia hewa na kuongeza uzito. Na baada ya safari ya kwanza, bolti zote zikazwe tena, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza.

Hayo ni ya fundi. Yaliyo yetu ni kuuliza. Wengi wetu wanawake tukiambiwa gari liko tayari, huingia nyuma na watoto, tukasoma dua ya safari, tukanyamaza. Dua ni wajibu wetu na hatutaiacha. Lakini Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Bamba lile ndiyo kamba ya ngamia wetu, nasi tulisafiri bila kuifunga. Mama anayepanga chakula, maji na dawa za safari ana haki pia ya kuuliza: chini ya gari hili pana nini? Lililofunguliwa limerudishwa? Bolti zimekazwa lini? Mume mwenye busara hataona haya kuulizwa, na fundi mwaminifu atafurahi kuinama akaonyesha.

Nao wenye gereji twawaomba kwa heshima: mnapofungua kitu katika gari la mtu, kirudisheni, au mwambieni mwenyewe waziwazi kwamba hamkukirudisha, aamue akijua. Gari ni amana mikononi mwenu, na waliomo ndani yake ni amana kubwa zaidi.

Tuliondoka Diff siku ya tatu. Fundi alikataa kulipwa zaidi ya gharama ya gesi na bolti mpaka tulipomlazimisha, naye akasema mgeni mwenye mimba hapigiwi hesabu. Tulipita njia ile ile, na si mbali na kisiki chetu tulisikia tena kishindo chini ya nyayo. Binti alilishika tumbo lake. Sote tuliitazama taa ya oili. Haikuwaka. Gari liliteleza juu ya tuta likaendelea.

Mtoto alizaliwa Mombasa kwa muda wake, salama, alhamdulillahi, na mama yake ni mzima. Juzi tulilipeleka gari likabadilishwe oili, nasi kwa mara ya kwanza tuliinama pamoja na fundi tukatazama. Katikati ya bamba pana mkwaruzo mrefu kama kiganja cha mtu mzima, uliobonyea kidogo. Baba watoto aliuliza kama linyooshwe na kupakwa rangi. Tulimwambia aliache hivyo hivyo, ila bolti zikazwe.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote, wa lami na wa mchangani, na awajaalie wanawake wenye mimba wafike salama na wajifungue salama. Amin. Tukutane tena wiki ijayo, inshaallah.

Wassalaam.