Malkia wa Siafu Hatoi Amri

Kila mwaka nisahihishapo majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na sentensi hii: malkia wa siafu huwaamuru askari wake. Vijana hawa wamefundishwa hivyo. Nawaomba walimu wenzangu tuiache sentensi hiyo, kwani hutaja cheo mahali panapotakiwa sababu.

Tuwatazame siafu wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, waitwao kitaalamu Eciton burchellii. Siafu wetu huchimba viota ardhini. Hawa hujenga nyumba kwa miili yao wenyewe. Giza likaribiapo, wachache hushika gogo au mzizi kwa kucha za miguu, wakaning'inia. Wengine huwashukia na kujishikiza kwao. Minyororo huungana ikawa kamba, na kamba zikawa ukuta. Mwishowe huwapo bonge la siafu laki kadhaa, lenye upana wa karibu mita 1, na ndani yake mna njia, watoto na malkia. Joto la watoto hutunzwa humo. Usiku wa pili huenda nyumba hiyo ikavunjwa na kujengwa kwingine.

Nani ameamuru? Zamani ilidhaniwa kuwa wanahama kwa sababu mawindo yamekwisha. T. C. Schneirla, Mmarekani aliyeanza kuwachunguza mwaka 1932 katika kisiwa cha Barro Colorado, Panama, aliona jambo jingine. Kundi huhamahama kwa siku 15 hivi, kisha hutulia kwa siku 20 hivi, kwa kufuata makuzi ya watoto. Mabuu wanaokua huwachangamsha wakubwa, na kundi huhama. Wakiwa pupa, kundi hutulia. Malkia hutaga mayai wakati wa utulivu, na safari ianzapo hufuata msafara kama wengine.

Wapo watakaosema kwamba "malkia" ni jina tu. Hakika ni jina. Lakini mwanafunzi akisharidhika na "amri", haulizi tena.

Mvua zinyeshapo, siafu hupita karibu na shule zetu nyingi. Kabla ya kuwamwagia majivu au mafuta ya taa, darasa na lisimame hatua chache kando, liandike: wamebeba nini? Ni nani aliye mbele, naye hukaa mbele kwa muda gani?