Msomee Mtoto Kabla Hujamwambia Anyamaze

Kama wewe ni wa Kakamega, Februari 3, 2020 unaikumbuka. Mkanyagano kwenye ngazi za Kakamega Primary uliua watoto zaidi ya kumi. Mji mzima ulilia. Lakini wale waliorudi darasani tuliwaambia nini? Wengi wetu tulisema: "Nyamaza, yamepita."

Zii, hayapiti hivyo. Mtoto asiyejua hofu yake inaitwaje huitoa kwa ngumi, au kwa kukojoa kitandani.

Mimi sina digrii, niliacha chuo mwaka wa pili. Ila nina mpwa wa miaka saba, na jioni namsomea. Juzi tulisoma kuhusu msichana aliyefiwa na nyanyake. Akanishika mkono: "Anko, kumbe na yeye huogopa usiku?" Hapo ndipo tulianza kuongea. Sikumhoji. Hadithi ilimwonyesha uchungu wake kwa mtu mwingine, akiwa salama kando yangu, akapata maneno.

Usiniambie vitabu ni ghali. Kuna maktaba ya umma hapa mjini. African Storybook nayo ina hadithi za bure mtandaoni, za Kiswahili na hata za Lubukusu. Bando unayomalizia TikTok inatosha na kubaki.

Basi leo usiku tenga dakika kumi. Soma kurasa mbili, kisha muulize: "Ungekuwa wewe, ungejisikia aje?"

Halafu nyamaza wewe.